Wosia Si Uchuro
Somo la wiki: Isaya 38:1-5; Hesabu 27:1-7

Ukitaja wosia, wengine wanaanza kukemea, ati ni kujiitia mauti. Lakini Isaya alipotumwa kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa, alimwambia apange mambo ya nyumba yake. Hezekia akaomba, akaongezewa miaka 15. Andika leo, na bado uishi miaka yako.

Sasa angalia binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, ikabidi wasimame mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi. Mungu akasema wana haki. Je, binti zako watasimama mbele ya nani?

Nauliza kwa sababu tuko Garissa. Sheria ya Mirathi, Sura 160, imetumika Kenya tangu 1981, na inaeleza mali igawanywe vipi mtu akifa bila wosia. (Ndugu zetu Waislamu wana utaratibu wao kwa Kadhi.) Lakini kifungu cha 32 kinatoa nje shamba la kilimo, mazao na mifugo katika sehemu zilizotangazwa, zikiwemo Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Hizo hufuata mila ya jamii ya marehemu. Wewe unajua mila yenu inamwonaje mjane, na inamwonaje binti. Basi yule dada aliyechunga mbuzi na mumewe miaka ishirini anaweza kuambiwa mifugo ni ya ukoo. Kifungu hicho ni cha aliyekufa bila wosia. Ukiandika, mbuzi wako nao wanaandikika.

Uwe umefika miaka 18 na akili timamu. Weka sahihi au alama yako mbele ya mashahidi wawili wakikuona. Hapa ndipo wengi wanaanguka: wanamwita mke na kifungua mimba washuhudie. Shahidi akiwa mrithi, au mume au mke wa mrithi, zawadi hiyo inabatilika isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiorithi chochote. Na kama unaachia kanisa kitu, tafadhali usimwite mchungaji akuandikie. Nenda kwa wakili.

Maneno ya kitandani je? Yanakubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini ukipita miezi mitatu ukiwa hai, yamekwisha. Mwanajeshi aliye vitani ana nafuu hapo. Ukioa au kuolewa baada ya kuandika, wosia ule unafutika, isipokuwa uliandikwa ukitaja ndoa hiyo.

Jambo zito: usimwache mtu nje kwa hasira au kwa aibu. Mke au mtoto aliyesahaulika anaweza kwenda kortini na jaji akampa fungu. Mtoto uliyemficha kanisani hafichiki kortini. Afadhali familia isikie kwako ukiwa hai kuliko isikie kwenye matanga.

Taja msimamizi unayemwamini, na umwambie karatasi iko wapi. Andika madeni pia, maana yanalipwa kwanza. Halafu pitia fomu ya sako: kama jina lililoko bado ni la mama aliyelala zamani, kabadilishe wiki hii.

Vikundi vya nyumbani, someni Luka 12:13-15 mjadili: kwa nini Yesu alikataa kuwagawia wale ndugu wawili?