Diodi Ing'aayo na Rangi Iliyokosekana

Mwaka 1962 Nick Holonyak wa Marekani alitengeneza diodi itoayo mwanga mwekundu. Kwa miaka thelathini, hata hivyo, diodi hizo zilibaki kuwa vitaa vya ishara katika redio na vikokotoo. Mwanga mwekundu haufai kusomea kitabu, na mweupe haupatikani pasipo buluu. Buluu angavu ilipatikana Japani mapema miaka ya 1990, katika fuwele za galiamu nitridi. Sehemu ya buluu hiyo hugeuzwa kuwa manjano na unga maalumu uliopakwa juu ya diodi, na macho huona weupe. Wati 9 hivi sasa hutoa mwanga uliohitaji wati 60 katika globu ya uzi. Kwa nyumba yenye paneli ndogo ya jua, hiyo ndiyo tofauti kati ya taa na giza.