Duka la Mtaani au Duka la Simu: Piga Hesabu Kwanza

Kila tarehe 5 mwenye jengo akipiga simu, wafanyabiashara wengi hujiuliza: niendelee kulipa kodi ya duka, ama nifunge niuze mtandaoni tu? Usijibu kwa hasira ya kodi. Chukua kalamu.

Tuseme unatoa viatu vya mitumba Gikomba na kodi ya duka lako ni Sh18,000 kwa mwezi. Ukipata faida ya Sh300 kwa kila jozi, jozi 60 za kwanza ni za mwenye jengo. Ukiuza jozi 100, unabaki na Sh12,000.

Sasa hamia Instagram na WhatsApp. Kodi imeisha, lakini mtu wa boda ameingia. Ukiahidi kupeleka mzigo bure naye anataka Sh200, faida yako kwa kila jozi ni Sh100. Jozi 100 zile zile zinakupa Sh10,000, na bado hujanunua bando. Kumbe duka lilikuwa linakulipa! Mteja akilipa boda mwenyewe, hesabu inageuka: Sh30,000 kabla ya bando na matangazo. Swali basi ni je, wateja wako watakubali?

Wengi watakubali wakikuamini. Dukani mteja anashika kiatu, anakipima, na kikimbana anajua pa kurudi. Mtandaoni anaogopa kutapeliwa. Kwa hivyo:

1. Sajili Till kwa jina la biashara, lifanane na jina la ukurasa wako. Jina hilo ndilo ataliona kwenye ujumbe wa malipo.
2. Andika bei na saizi. "Njoo inbox" inachosha watu.
3. Piga picha za viatu ulivyonavyo, hata pale palipokwaruzika.
4. Sema mapema mteja atabadilishaje kiatu kisipomtosha.

Nawe jilinde: usiachilie mzigo kwa sababu umetumiwa picha ya SMS. Hakikisha pesa imeingia kwenye Till yako.

Kabla ya kufunga duka, kwa siku 30 muulize kila mnunuzi, "Ulitujuaje?" Andika kwenye daftari. Wakiwa wengi ni wapita njia, duka ndilo tangazo lako, usiliguse. Wakiwa wengi wametoka kwenye simu, tafuta mwenzako mgawane duka na kodi, mteja abaki na mahali pa kuchukua mzigo. Daftari likishajaa, mwenye jengo akipiga simu utakuwa na jibu.