Siku ya kuuza mpunga, franga zilale wapi?

Ndugu wakulima, mpunga ukiwa shambani tunaulinda vizuri: watoto wanafukuza ndege, wazee wanalala kwenye kibanda. Lakini gunia zikisha kuuzwa, franga zote zinaingia kwenye mfuko mmoja wa mtunza hazina, na yeye anapanda pikipiki peke yake saa kumi na moja jioni. Huyo ndiye mwizi anamngojea.

Kwenye barabara ya Sange ao Luvungi, mwizi mara nyingi habahatishi. Alishasikia sokoni kwamba leo koperative inalipwa. Basi siku ya malipo wajue watu watatu tu. Hesabu zitasomwa mbele ya wanachama wote kisha, daftari likiwa wazi. Mnunuzi alipe asubuhi, kule kule kwenye depo, na kila mwanachama achukue yake papo hapo. Sehemu ya koperative itumwe kwa simu, M-Pesa ao Airtel Money. Namba ya siri usimpe hata wakala, hata mtoto anayekusomea ujumbe. Wengi wanalalamika juu ya gharama ya kutoa. Ni kweli ipo, lakini tunaona ni kidogo kuliko kupoteza mavuno yote.

Depo iwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wa nyumba tofauti.

Na wakikusimamisha na silaha, toa. Usibishane, usikimbie, na hata ukimtambua mmoja usimwite jina. Ukifika salama, ijulishe kamati siku ile ile, kabla maneno hayajabadilika.