Elimu ya Fizikia: Kuuliza na Kupima

Fizikia ni elimu ya vitu na nguvu zake: joto, mwanga, sauti, uzito na mwendo. Wengi hudhani kuwa elimu hiyo hukaa katika vyombo vya thamani tu. Sivyo. Huanza pale mtu aonapo jambo, akauliza sababu yake.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi, akayatia yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, yaliyotiwa bila kuchemshwa, bado. Akamwuliza mwalimu, akajibiwa kuwa amekosea.

Hakuliacha swali lake. Baadaye, katika Shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyefika kuwazungumzia. Wanafunzi wakacheka. Osborne naye hakusadiki, lakini aliahidi kupima, na vipimo vikaonyesha kuwa maji ya moto yaliganda kwanza. Mwaka 1969 wakaandika habari hiyo pamoja. Mwaka 2016 wataalamu wengine walipima kwa uangalifu mkubwa, wasilione jambo hilo; hata leo mabishano yanaendelea. Hiyo si aibu. Katika elimu hii mwamuzi ni kipimo, si cheo cha msemaji, nacho kipimo sharti kirudiwe na wengine.

Nasi tukaao Mbalizi tuanze jikoni. Maharage huchelewa kuiva huku kuliko pwani. Mmoja hulaumu mbegu, mwingine kuni. Basi na tupime: maharage ya gunia moja, maji sawasawa, sufuria za namna moja, na kipimajoto. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Mjini Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, kwa digrii zipatazo 94 tu, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Kwa hiyo maji yakisha kuchemka, kuongeza kuni hakuyazidishii joto. Huzidisha mvuke na kumaliza kuni bure.

Basi mtoto akiuliza jambo asichekwe. Na apewe chombo apime.