'U wa Nani?': Malezi ya Kiukoo, Siasa na Dini katika Milima ya Uluguru

1.0 Utangulizi

Fomu ya kumwandikisha mtoto shule ya msingi huuliza mambo machache: jina la mtoto, jina la baba au mlezi, mahali alipozaliwa, dini yake. Kwa mtoto wa Kiluguru fomu hiyo ni somo la kwanza la siasa, na aghalabu humfundisha kinyume cha yale aliyofunzwa nyumbani. Nyumbani, swali 'u wa nani?' hujibiwa kwa kuutaja ukoo wa mama. Shuleni, kanisani na msikitini hujibiwa kwa kumtaja baba. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba katika Uluguru malezi hayakumrithisha mtoto rai zilizokwisha kuundwa, yaani chama fulani au dhehebu fulani. Yalimrithisha namna ya kulijibu swali hilo, na kutokana na majibu yake ndipo misimamo ya kisiasa na kidini ilipochipuka.

Yafaa tueleze mapema mipaka ya makala. Hayatokani na utafiti wa hojaji. Yanatokana na maandiko yaliyopo, na mazungumzo na wazee wa upande wa Matombo, na pia kumbukumbu za mwandishi ambaye mwenyewe ni mpwa wa wajomba wa huko. Takwimu za dini hazitatolewa, kwa kuwa sensa za Tanzania hazijauliza dini wala kabila tangu ile ya mwaka 1967.

Wataalamu wa Magharibi walioandika juu ya urithishaji wa misimamo walianza na nyumba ya baba, mama na watoto. Jennings na Niemi, katika makala yao ya mwaka 1968 yaliyotumia data za wanafunzi wa sekondari wa Marekani na wazazi wao, waligundua kwamba mtoto huufuata kwa kiasi kikubwa upande wa chama cha wazazi wake, lakini katika masuala mengine mengi ulinganifu huo hupungua sana. Matokeo hayo hayana ubishi kwa jamii iliyochunguzwa. Tatizo ni neno 'wazazi'. Bernstein naye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitofautisha familia ambazo humtuliza mtoto kwa kumkumbusha nafasi yake ('wewe ni mdogo, huyu ni mkubwa wako') na zile zinazomweleza sababu. Tofauti hiyo inatufaa zaidi sisi wanaisimu, kwani inatuelekeza kwenye lugha yenyewe ya malezi. Hata hivyo Bernstein naye aliona nyumba moja yenye sauti moja ya mamlaka. Uluguru ina sauti mbili, na ukihesabu misheni na madrasa, ni tatu.

2.0 Baba mpole, mjomba mwenye neno

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ukoo huitwa lukolo, na tawi lake dogo huitwa tombo, neno ambalo maana yake ya kawaida ni titi. Msomaji ataona mara moja uhusiano wake na jina la Matombo, tarafa iliyoitwa hivyo kwa sababu ya vilele vyake viwili. Hivyo neno linalotaja asili ya mtu ndilo linalotaja alipolishwa, na ndilo lililo katika jina la mlima anaouona kila asubuhi. Ardhi ilikuwa ya tawi la ukoo uliotangulia kuisafisha, na msimamizi wake aliitwa mndewa. Cheo hicho hakikushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, bali kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Hata jina la Kingalu, mtawala wa Kinole aliyesifika kwa kuleta mvua, ni la kurithiwa katika mkondo huo.

Upande wa baba haukuwa mtupu. Mtoto hubeba jina linalotoka huko, huko huenda kutembea, na huko hupendwa pasipo kudaiwa. Malinowski aliliona jambo la namna hii katika visiwa vya Trobriand na kuliandikia kitabu mwaka 1927: baba ni rafiki, mjomba ndiye sheria. Kwa Waluguru maelezo hayo yanahitaji kulainishwa kidogo, kwa sababu baba wa Kiluguru hakuwa mgeni nyumbani mwake. Lakini kiini chake kinasimama. Mwandishi anakumbuka kwamba baba yake alipotaka kukataa jambo alisema, 'Kamwulize mjomba wako.' Mjomba alipotaka kukataa hakumtuma mtu popote.

Tuongeze hapa, kwa mchepuko mfupi, kwamba istilahi za ujamaa zimewahi kubeba uzito wa kisiasa na kidini kwingineko pia. Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwaita Waswahili 'Adzomba', yaani wajomba. Kwao jina la jamaa wa upande wa mama ndilo lililokuwa jina la watu wa dini nyingine na mji mwingine.

3.0 Dini mbili, somo moja

Uislamu ulipanda kutoka pwani kwa njia ya misafara. Mji wa Simbamwenni, ulioanzishwa na Kisabengo karibu na ilipo Morogoro ya leo, ulikuwa kituo mashuhuri cha misafara hiyo, na Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta ukitawaliwa na binti wa Kisabengo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamekwisha kupanda milimani. Tangu hapo mazoea yamekuwa kusimulia historia ya dini katika Uluguru kama mashindano ya wawili hawa.

Mwandishi anaona kwamba masimulizi hayo yameficha tofauti iliyo kubwa zaidi. Katika mirathi ya Kiislamu mtoto wa dada hana fungu maadamu wapo warithi wa karibu, hasa wana wa marehemu. Katika mafundisho ya Kikatoliki familia ni mume, mke na watoto wao, na mume ndiye kichwa. Msikiti na misheni, pamoja na kushindana kwao kote, walimfundisha mtoto wa Kiluguru jambo moja: wewe ni wa baba yako. Mpwa alipotea katika vitabu vyote viwili. Zaidi ya hayo, misheni ilimletea neno 'Baba' likiwa limepanda cheo. Mungu ni Baba, padri ni Baba, na wote wawili huamuru. Mtoto aliyezoea baba asiyeamuru alilazimika kujifunza maana mpya ya neno alilolijua tangu kunyonya.

Je, alilikubali? Alilikubali kwa sehemu. Katika miaka ya 1980 mwandishi alihudhuria mazishi ya jamaa aliyezaliwa na baba Mwislamu na mama Mkatoliki. Palitokea mzozo wa saa nyingi, na mtu wa nje angeuita wa kidini. Haukuwa huo. Sala ilikubaliwa mapema kwamba itafuata ubatizo wa marehemu, na ndugu wa upande wa baba hawakupinga. Kilichobishaniwa hadi jua kushuka ni nani ataonesha mahali pa kuchimba. Wajomba walisema, 'Mwombeeni mpendavyo, lakini atalala kwetu.' Basi padri alisoma sala juu ya kaburi ambalo mahali pake palichaguliwa na ukoo. Ukimwuliza mtoto aliyeshuhudia siku ile dini yake, atataja moja. Lakini yupi mwenye kauli juu yake, alijifunza pale kaburini.

4.0 Mwaka 1955

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Mito ya milima hii huulisha Ruvu, na serikali ya kikoloni ilihofia mmomonyoko. Kuanzia mwaka 1950 iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Huko Mgeta, palipokuwa na kilimo cha mboga na mazoea ya kulima kwa ngazi, kazi haikuleta upinzani mkali. Upande wa Matombo udongo wa rutuba ni mwembamba. Matuta yaliufukia na kuibua udongo usiozaa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango uliachwa.

Young na Fosbrooke, katika kitabu chao cha mwaka 1960, walionesha kuwa chanzo hakikuwa udongo peke yake. Serikali ilikuwa imewafanya viongozi wa koo kuwa watumishi wake, kisha ikawatuma kuamrisha kazi ambayo watu waliichukia. Kwa mtazamo wa isimu jamii tungeliweka hivi: mtu mmoja alitakiwa kuzungumza rejista mbili kwa kinywa kimoja. Mndewa kama mjomba husema, 'Tulime hivi, maana ardhi hii ni ya bibi zenu.' Mndewa kama mtumishi wa serikali husema, 'Chimba, usipochimba utashitakiwa.' Kitenzi cha kwanza kina nafsi ya wingi ndani yake. Cha pili kinamwacha msemaji nje ya kazi. Waliolelewa kumtii mjomba walikuwa na sikio kali la kuitambua tofauti hiyo. Aidha kulikuwa na hofu kwamba shamba likitengenezwa kwa amri ya serikali, serikali italidai, na hapo swali 'u wa nani?' lingehama kutoka kwa mtu hadi kwa ardhi yenyewe.

Nyumbani kwa mwandishi mwaka ule ulisimuliwa mara nyingi, lakini kamwe haukusimuliwa kama upinzani dhidi ya Waingereza. Mjomba, aliyekuwa kijana wakati huo, alisema tu, 'Walikuja kutufundisha shamba la mabibi.' Baadaye alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtiifu wa chama hadi uzeeni. Mwenye kutafuta 'msimamo' wake kwa vipimo vya mpinzani na mtiifu ataona mgongano. Kwake hapakuwa na mgongano: aliwatii waliozungumza kama jamaa na kuwakatalia waliozungumza kama wenye mali.

Hatusemi kwamba malezi hayo yaliwatoa watu wa aina moja. Miongoni mwa waasisi 17 wa TANU, Julai 1954, alikuwemo Patrick Kunambi, Mluguru msomi. Na wapo wengine wa milima hiyo hiyo waliobaki upande wa utawala wa kienyeji hadi ulipofutwa baada ya uhuru. Koo zao zilikuwa na lugha moja. Waliitumia kutetea mambo tofauti.

5.0 Ndugu, Baba na mpwa

TANU ilikuja na msamiati wa jamaa. 'Ndugu' haichagui upande wa mama wala wa baba. 'Ujamaa', kama Nyerere alivyoueleza mwaka 1962, ulijengwa juu ya familia pana, na shina lake, lenye asili ya Kiarabu, lataja tu watu waliokusanyika. Maneno haya mawili yaliingia Uluguru bila kukwaruza. 'Baba wa Taifa' lina mashaka zaidi. Katika mazungumzo wazee walipendelea 'Mwalimu', na mmoja alipoulizwa sababu alijibu kwa kicheko kwamba baba humpa mtoto jina, hampi shamba. Pengine ulikuwa mzaha tu; mwandishi hakuthubutu kujenga nadharia juu ya kicheko cha mzee mmoja.

Wakati huo huo sheria iliegemea upande mwingine. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilijengwa juu ya mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Kijana wa Matombo aliyekwenda mahakamani kudai shamba la mjomba wake alikuta msamiati uliomkana kama vile katekisimu na mirathi ya Kiislamu zilivyomkana. Leo, baba Mluguru anayetaka kumwachia mwanawe shamba hutaja dini yake, na mpwa anayelidai shamba hilo hutaja mila. Wote wawili huenda wanasali katika safu moja.

Kwa mtafiti wa malezi jambo hili lina athari za moja kwa moja katika uundaji wa maswali. Hojaji inayouliza 'baba yako alikuwa chama gani, dini gani?' itapata majibu Uluguru, tena majibu ya kweli, yasiyoeleza kitu. Afadhali iulize: palipokuwa na jambo zito nyumbani kwenu, alisubiriwa nani afike kabla halijaamuliwa?