Burudani inapogeuka serikali



Ndugu Waislamu, tunapozungumzia burudani, mara nyingi mjadala wetu huishia kwenye swali moja tu: ni halali au ni haramu? Swali hilo ni la msingi na hatulidharau. Lakini lipo jingine tusilouliza: huyu anayetuburudisha anapata mamlaka gani juu yetu? Tulichunguze kupitia kampuni ya Walt Disney ya Marekani, ambayo katuni zake baadhi ya watoto wetu wanazijua kuliko sura fupi za Juzuu Amma.

Ardhi na utawala

Katika miaka ya 1964 na 1965, Disney ilinunua ardhi katikati ya jimbo la Florida kwa kutumia majina ya kampuni nyingine, ili wauzaji wasijue mnunuzi ni nani na kupandisha bei. Mwaka 1967 Bunge la jimbo hilo likaunda wilaya maalumu iliyoitwa Reedy Creek, yenye ukubwa wa kadiri ya ekari 25,000. Wilaya hiyo ilipewa mamlaka ya kutoza kodi, kukopa fedha, kupanga ujenzi, kuendesha zimamoto na maji taka, na hata ruhusa ya kujenga uwanja wa ndege na mtambo wa nyuklia!

Nani aliichagua bodi ya wilaya hiyo? Wenye ardhi, kwa hesabu ya kura moja kwa ekari moja. Kwa kuwa karibu ardhi yote ilikuwa ya Disney, mpiga kura alikuwa Disney. Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya nusu karne.

Ilivunjikaje? Mwaka 2022 Disney ilipinga sheria ya Florida iliyozuia watoto wa madarasa ya chini kufundishwa masuala ya mielekeo ya kijinsia. Gavana Ron DeSantis akaja juu, na Februari 2023 ikapitishwa sheria iliyompa gavana uwezo wa kuteua bodi. Lakini bodi ya zamani, kabla ya kuondoka, ilitia saini makubaliano na Disney ya kuifunga mikono bodi mpya. Sharti moja lilitakiwa kudumu mpaka miaka 21 baada ya kufariki mzao wa mwisho wa Mfalme Charles wa Uingereza miongoni mwa waliokuwa hai siku hiyo! Pande hizo zilipatana Machi 2024, na makubaliano hayo yakahesabiwa kuwa batili.

Wapo Waislamu walioshangilia kwa kuwa sheria ile iliwapendeza. Tuwe waangalifu. Allah (s.w.) anatuamuru katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitupelekee kuacha uadilifu. Kampuni kujitawala kama dola ni kosa hata kama haijasema la kutuudhi. Na serikali kuiadhibu kampuni kwa sababu imesema si dawa ya kosa hilo. Leo imeadhibiwa Disney, kesho ataadhibiwa nani? Waislamu tunalijua vyema jibu la swali hilo.

Mkataba usiosomwa

Ukubwa huu unamgusaje mtu wa kawaida? Oktoba 2023 mwanamke mmoja, daktari, alifariki baada ya kula katika mgahawa ulio ndani ya eneo la biashara la Disney huko Florida. Mumewe alidai kuwa mkewe alidhurika na vyakula ambavyo mwili wake haukuvistahimili, ingawa waliwaeleza wahudumu mapema. Akafungua kesi mwaka 2024.

Disney ilijibu kwamba yenyewe ni mwenye nyumba tu, mgahawa si wake. Hiyo ni hoja ya kusikilizwa. Lakini ikaongeza nyingine: kwamba mwaka 2019 mume huyo alijiunga kwa majaribio na huduma yake ya kuonesha filamu kwa intaneti, na alipobofya kukubali masharti alikubali pia kuwa madai yake dhidi ya Disney yaende kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakamani. Yaani kuangalia katuni kuwe sababu ya kunyimwa hakimu katika kifo cha mke! Watu walipopiga kelele, Agosti 2024 kampuni iliiondoa hoja hiyo. Kwa kauli yake iliiondoa kwa hiari, na masharti ya namna hiyo bado yapo katika huduma nyingi za kampuni mbalimbali.

Uislamu unasemaje? Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamuru kutimiza mikataba, na Suratun Nisaa aya ya 29 inaweka ridhaa ya pande mbili kuwa msingi wa biashara. Je, ipo ridhaa kwa jambo ambalo mtu hakulijua wala hakulitarajia? Mtume (s.a.w.) alikataza biashara yenye gharar, yaani isiyojulikana undani wake. Na katika kisa cha Barira, alichosimulia Bi Aisha (r.a.), wenye kummiliki walipoweka sharti lisilo la haki, Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa sharti lisiloafikiana na Kitabu cha Allah ni batili hata yakiwa masharti mia. Kwa hiyo wingi wa kurasa hauhalalishi dhulma.

Hata maneno yetu

Mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, Disney iliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" kama alama yake ya biashara kwenye nguo, na yakasajiliwa Marekani mwaka 2003. Si kweli kwamba tumekatazwa kuyatamka. Lakini maneno ya Waswahili, ambayo bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliyaimba miaka kadhaa kabla ya filamu hiyo, yamekuwa mali ya kampuni katika soko la fulana za Marekani. Wenye lugha tulikuwa wapi?

Tufanye nini?

Kulalamika vijiweni hakutoshi. Filamu ya Aladdin ya mwaka 1992 ilikuwa na wimbo uliowaonesha Waarabu kuwa wakata masikio. Waarabu wa Marekani, kupitia jumuiya yao ya kupinga ubaguzi, walipinga kwa hoja na kwa mpangilio, na mwaka 1993 maneno hayo yalibadilishwa. Si yote, kwani neno la kuwaita washenzi lilibaki. Lakini walichokipata walikipata kwa kujipanga.

Nasi tuanze nyumbani. Mzazi, kabla hujabofya "nakubali" kwenye simu, soma angalau sehemu inayohusu migogoro na taarifa zako. Wanasheria wetu wa Kiislamu watusaidie kwa kutueleza mikataba hii kwa Kiswahili, misikitini na magazetini. Na watoto wetu wajue kuwa anayewachekesha ni mfanyabiashara, ana haki zake nasi tuna zetu.