Pedali ya Fazi: Kasoro Iliyogeuzwa Kuwa Sauti

Kikuza sauti kizuri, kwa maelezo ya vitabu vya fizikia, ni kile kitoacho wimbi lile lile kilichopokea, likiwa kubwa zaidi tu. Badiliko lolote katika umbo la wimbi huhesabiwa kuwa kasoro. Hata hivyo kipo chombo kidogo cha umeme, kinachokanyagwa kwa mguu na wapigaji wa gitaa, ambacho kazi yake ni kuleta kasoro hiyo kwa makusudi. Chombo hicho huitwa pedali ya fazi. Sauti yake ni nzito, ya kukwaruza, yenye kuvuma kama nyuki ndani ya mzinga.

Pedali nyingine za aina hii hutengenezwa moja moja kwa mkono katika karakana ndogo, nazo huuzwa kwa bei kubwa. Wapenzi wake huzisimulia kana kwamba zina uganga ndani yake. Sehemu kubwa ya uganga huo, hata hivyo, hupimika kwa volti na ampea, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuufuatilia.

Mtambo mbovu wa Nashville

Mwaka 1961 ulitoka nchini Marekani wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry". Ulipokuwa ukirekodiwa mjini Nashville, gitaa la besi la nyuzi sita lililopigwa na Grady Martin lilipitishwa katika njia moja ya meza ya kuchanganyia sauti, na njia hiyo ilikuwa mbovu. Sauti ilitoka imechakaa kabisa. Badala ya kuifuta, wahusika waliiacha ndani ya wimbo, na wimbo ukapendwa.

Wanamuziki wengine walipoitaka sauti ile, fundi wa studio Glenn Snoddy alikabiliwa na tatizo la ajabu: kuunda upya ubovu, tena ubovu wenye kutii amri. Akishirikiana na Revis Hobbs alibuni sakiti ya transista, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaitoa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ilitumia transista tatu za jemaniamu na betri mbili ndogo za volti 1.5. Matangazo yalidai kwamba gitaa sasa lingeweza kuiga tarumbeta na hata selo. Wanunuzi hawakushawishika sana hadi mwaka 1965, Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alipoitumia katika wimbo "Satisfaction". Yeye mwenyewe alikusudia kuonyesha tu mahali ambapo vyombo vya kupuliza vingewekwa baadaye. Havikuwekwa, na pedali zikaisha madukani.

Yafaa kukumbuka kwamba sauti iliyokwaruzika ilikuwapo kabla ya hapo. Katika "Rocket 88", uliorekodiwa Memphis mwaka 1951, kikuza sauti cha mpiga gitaa Willie Kizart kilikuwa kimeharibika, na spika yake ikashindiliwa karatasi. Link Wray naye alitoboa spika zake kwa ajili ya "Rumble" ya mwaka 1958. Lakini spika iliyotobolewa haizibiki. Pedali huzimwa kwa mguu.

Baadaye kazi hii ilihamia London pia. Gary Hurst alitengeneza Tone Bender mwaka 1965, na mwaka uliofuata kampuni ya Arbiter ikatoa Fuzz Face, chombo cha duara chenye nobu mbili na transista mbili, ambacho Jimi Hendrix alikipa umaarufu mkubwa. Sakiti yake ni fupi kiasi kwamba yaweza kuchorwa nyuma ya bahasha.

Wimbi likikatwa vilele

Chukuliwe mfano kwamba sumaku za gitaa zinatoa wimbi la volti 0.1, na sakiti inalikuza mara 500. Wimbi lingepaswa kufika volti 50, lakini betri ni ya volti 9 tu. Transista haiwezi kutoa volti ambazo betri haina. Kwa hiyo vilele na mabonde ya wimbi hukatwa, na wimbi lililokuwa la mviringo hukaribia umbo la mraba.

Hapo hutokea mambo mawili. Kwanza, sauti hudumu. Mtikisiko wa uzi ukipungua hata kubaki robo, volti zinazodaiwa ni 12.5, nazo bado ni nyingi kuliko uwezo wa betri. Uzi unazidi kufifia ilhali sikio linasikia nguvu ile ile, hadi mwisho sauti inapoanguka karibu kwa ghafula. Pili, huzaliwa hamoniki mpya. Uzi wa tano wa gitaa ukipigwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde. Wimbi likikatwa sawasawa juu na chini, huongezeka hamoniki witiri: hezi 330, 550, 770 na kuendelea, katika wimbi mraba kamili ukubwa wake ni theluthi, humusi na subui ya ule wa msingi. Likikatwa upande mmoja zaidi ya mwingine, hamoniki shufwa, kama 220 na 440, nazo huingia. Sikio huzitambua tofauti hizo upesi, ingawa mtu hawezi kuzitaja kwa namba.

Upenzi wa sauti yenye mvumo, kwa kweli, ni wa kale kuliko umeme. Katika ilimba ya Wagogo wa Tanzania, tundu la kisanduku hufunikwa utando wa buibui ili kila ufunguo uvume unapoguswa. Utando huo nao huongeza hamoniki za juu, bila betri yoyote.

Jambo linalowatatiza wapigaji wanaoanza ni kupiga sauti mbili pamoja. Sakiti inayokata vilele hutoa pia jumla na tofauti ya mitikisiko inayoingia. Hezi 110 na 165 huzaa 55 na 275. Zote nne ni vigawe vya 55, hivyo zinakaa pamoja kwa amani. Lakini 110 zikipigwa na 138.6, kama gitaa linavyowekwa, huzaliwa 28.6 na 248.6, ambazo haziingii katika mfululizo mmoja na zile za mwanzo, na sauti huwa tope. Ndiyo maana wapigaji wa fazi hupendelea sauti zilizoachana kama zile mbili za kwanza.

Tabia za jemaniamu

Transista za kwanza zilikuwa za jemaniamu, kipitishi nusu chenye udhaifu unaojulikana: huvujisha mkondo hata pale inapotakiwa kufunga, na uvujaji huo huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto. Katika Fuzz Face, kolekta ya transista ya kwanza ina rezista ya omu 33,000, ambayo juu yake huanguka karibu volti 8. Mkondo wake basi ni 8 ÷ 33,000, yaani kama miliampea 0.24. Ikiwa transista inavujisha miliampea 0.1, mkondo unaobaki chini ya utawala wa gitaa ni 0.14. Joto likipanda nyuzi 10, uvujaji hufika 0.2, na kinachobaki ni 0.04 tu. Pedali iliyoimba vizuri asubuhi huanza kukatakata mchana jukwaani, na mpigaji humlaumu fundi wa sauti.

Silikoni iliondoa tatizo la joto, kwani uvujaji wake ni mdogo mno. Lakini hufunguka kwa volti kama 0.6, ambapo jemaniamu hufunguka kwa 0.2 au 0.3, na transista zake kwa kawaida hukuza zaidi. Sauti huwa kali, na mara nyingine hunasa hata matangazo ya redio. Viwanda vilipohamia silikoni, transista za jemaniamu zilibaki katika maghala, na hazilingani: mbili za namba moja zaweza kutofautiana sana kwa ukuzaji na uvujaji.

Hapo ndipo karakana ndogo zilipopata kazi. Fundi hupima kila transista, huzitupa zinazovuja mno, kisha huoanisha zilizobaki. Wengi hupendelea ya kwanza ikuze karibu mara 70 au 80 na ya pili mara 110 hadi 130. Anayelipa bei kubwa analipia vipimo hivyo pamoja na zile transista zilizotupwa. Fundi asiyepima huuza rangi ya kisanduku tu.

Zachary Vex wa Minneapolis, aliyeanzisha karakana ya Z.Vex mwaka 1995, alikwenda mbali zaidi. Pedali yake iitwayo Fuzz Factory, yenye transista za kale za jemaniamu na kisanduku kilichochorwa kwa mkono, ina nobu tano. Marekebisho ambayo wengine huyafungia ndani yeye aliyaweka chini ya vidole vya mpigaji. Nobu moja hupunguza volti zinazoifikia sakiti. Katika mipangilio fulani, sehemu ya sauti itokayo hurudi mwanzoni na kukuzwa tena, kama kipaza sauti kilichosogezwa karibu na spika, na pedali hupiga yowe yenyewe hata gitaa likinyamaza. Nobu ya volti ikizungushwa, yowe hupanda na kushuka. Matthew Bellamy wa kundi la Muse alikifanya chombo hiki kifungwe ndani ya gitaa lake.

Majaribio ya darasani

Mwalimu mwenye jenereta ya mawimbi na osiloskopu anaweza kuonyesha ukataji wa vilele kwa rezista ya omu 10,000 na dayodi mbili za silikoni zilizounganishwa sambamba, zikielekeana kinyume. Wimbi la hezi 110 lenye kilele cha volti 3 likipitishwa katika rezista hiyo, kioo huonyesha juu ya dayodi wimbi lililokatwa karibu na volti 0.6 pande zote mbili. Dayodi moja ikiondolewa, upande mmoja tu hukatwa, na badiliko husikika katika kikuza sauti kilichopunguzwa. Dayodi za jemaniamu zikiwekwa mahali pake, ukataji huanza mapema na pembe za wimbi huwa laini.

Kwa uvujaji huhitajika transista ya jemaniamu ya aina ya pnp, kama OC71 au AC128, ambayo huenda ikapatikana katika redio ya zamani kwenye karakana ya fundi. Emita huunganishwa na chanya ya betri ya volti 9. Kolekta huunganishwa na hasi kupitia rezista ya omu 10,000 na mita ya miliampea. Besi huachwa bila kuunganishwa. Sindano itaonyesha mkondo mdogo. Mwanafunzi akiishika transista kati ya vidole viwili, sindano hupanda taratibu. Akiiachia, huchukua dakika kadhaa kurudi ilipokuwa.